Mikono ya Mstari wa Nyuma

Siku ya kwanza ya mwaka, mwalimu wa Kiingereza aliingia kidato cha tatu na karatasi ya kanuni, akaibandika kando ya ubao kwa pini, akarudi nyuma kidogo kuitazama, kisha akaing'oa pini ya juu na kuichoma upya kwa sababu karatasi ilikuwa imelalia upande. Aliporidhika aligeuka akaisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho.

Kanuni zilikuwa za kawaida. Ndani ya chumba hiki ni Kiingereza tu. Kengele ikilia, mlango unafungwa. Daftari lifunikwe kwa karatasi ya kaki. Hakuna kutafuna, hakuna kutazama nje dirishani, hakuna kuondoka mahali pako bila ruhusa. Viti hupangwa kwa alama za jaribio la kwanza, wenye alama za juu wakae mbele. Mwenye jibu ainue mkono wa kulia, kiwiko kimenyooka, asigonge dawati wala asiseme "mimi, mwalimu, mimi". Akishauinua asiushushe mpaka atajwe, au mpaka swali liwe limejibiwa. Kila anayejibu hupigiwa alama ya vema kwenye rejista. Asiye na vema hata moja mpaka mwisho wa mwaka hapandi kidato cha nne.

Kila mwanafunzi alipewa nakala apeleke nyumbani ikatiwe saini. Msichana mmoja, ambaye shule nzima ilimwita Redio, alimtafsiria mama yake kanuni hizo huku mama akiendelea kushona. Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani ilikuwa mezani karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Redio alipofika kanuni ya mwisho, mama alitoa mguu kwenye kanyagio.

"Na asipotajwa?"

Redio aliigeuza karatasi akatazama upande wa pili. Palikuwa na nafasi ya saini na tarehe, basi. Mama alitia saini, akakata uzi kwa meno, akaendelea na shati la mteja.

Jina la Redio lilitokana na tabia. Nyumbani alianza kuzungumza kabla hajanawa uso, na hakunyamaza mpaka usingizi umchukue katikati ya sentensi. Jaribio la kwanza lilimharibikia kwa sababu hiyo hiyo: alijibu swali la kwanza kwa ukurasa na nusu, akaandika na pembeni, muda ukamwishia maswali mengine yakiwa meupe. Akapangiwa kiti cha mstari wa nyuma kabisa, kati ya ukuta wa nyuma na kabati la vitabu, akashirikiana dawati na msichana aliyeitwa Kobe kwa jinsi alivyochukua muda kufunga mkoba wake.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Hakuchelewa hata siku moja, hakumpiga mtu, hakusahihisha akiwa na hasira, na madaftari aliyoyachukua leo aliyarudisha kesho. Ila kipindi kilikuwa kifupi na silabasi ndefu, na wa mbele walijibu upesi. Akishauliza swali, macho yake yalikwenda mstari wa mbele kama mkono wa mtu unavyokwenda kwenye swichi ya taa ya chumba chake mwenyewe. Pale alikaa mvulana aliyeitwa Profesa, ambaye akitajwa alisimama, akasukuma miwani juu ya pua, akajibu kwa sentensi iliyokamilika. Mwalimu alisema asante, akapiga vema, akaenda swali la pili.

Redio aliinua mkono tangu wiki ya kwanza. Aliuinua kwa kila swali alilolijua, na aliyajua mengi, kwa kuwa kabati la vitabu lilikuwa ubavuni mwake na kufuli lake lilikuwa limevunjika. Muhula wa kwanza ukapita. Katika rejista, mbele ya jina lake palikuwa peupe.

Muhula wa pili, Jumanne moja baada ya mapumziko, mwalimu aliuliza kwa nini mjane katika hadithi waliyokuwa wakiisoma alikataa kuuza nyumba. Redio aliinua mkono, akanyoosha kiwiko. Bega likafuata mkono, kiuno kikafuata bega, na kalio likaachana na kiti. Alipanda kiasi cha shubiri moja, akatulia, akapanda tena, mpaka soli za viatu vyake zikawa sawa na uso wa dawati. Kobe alimshika pindo la sketi.

"Unaenda wapi wewe?"

Kobe aliandikwa jina kwa kutumia Kiswahili darasani. Redio hakumjibu kwa sababu hakuwa ametajwa.

Mwalimu alisogea hadi kwenye karatasi ya kanuni, akaisoma sehemu inayohusu kuondoka mahali pako. Kisha alikwenda mpaka nyuma ya darasa, akainama, akapima kwa jicho. Redio alikuwa juu ya kiti chake barabara, hakupinda kushoto wala kulia. Mwalimu aliliambia darasa kwamba hapakuwa na kosa, akarudi mbele, akamtaja Profesa. Profesa alisema mjane alikataa kwa sababu nyumba ilikuwa na thamani ya kihisia. Swali likawa limejibiwa, mkono wa Redio ukashuka, naye akashuka nao, akakaa, akatengeneza sketi.

Wakati wa chakula cha mchana hapakuwa na habari nyingine uwanjani. Kobe, ambaye kwa kawaida maneno yalimtoka kwa foleni, alisimulia mpaka sauti ikamkauka, na kila aliposimulia Redio alizidi kwenda juu. Watu walimzunguka Redio mwenyewe wakitaka kujua inakuwaje. Alieleza kwamba inaanzia kwapani, kama maji baridi, halafu inashuka tumboni, halafu tumbo linacheka lenyewe, na ukija kujua uko huko. Kusukuma hakusaidii. Mmoja aliuliza kama anaogopa kuanguka. Redio akasema anguko liko wapi, na mkono umeshikwa?

"Umeshikwa na nani?"

"Na jibu," akasema, akaendelea kula.

Kesho yake walipaa wawili zaidi wa mstari wa nyuma, na wiki iliyofuata mstari uliokuwa mbele yao. Alipaa mvulana mnene aliyeitwa Mzigo, taratibu na kwa heshima, kama gari linalopandishwa na jeki. Alipaa msichana wa pembeni ambaye hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Wanafunzi wa mstari wa nyuma, ambao zamani walikuwa wa mwisho kufika, sasa walifika kengele haijalia na kukaa wakiwa wameshanyoosha viwiko. Walisoma njiani, walisoma kwenye foleni ya bomba. Kulikuwa na faida ya kusoma, kwa sababu jambo moja lilibainika mapema: asiyejua jibu hakupaa. Mvulana mmoja aliyejiita Bosi aliinua mkono kwa maswali yote, akabaki kitini, na wenzake walimcheka kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyotaka.

Mwalimu naye aliliona hilo. Alikuwa mtu wa kuangalia mambo, na kifaa kizuri hakikumpita. Aliuliza swali, akatupa jicho nyuma. Walioelea wakiwa wengi, alijua swali ni jepesi na somo limeeleweka, akamtaja mtu wa mbele upesi ili waendelee. Wakiwa wachache, alirudia maelezo. Asipopaa mtu, alijua kwamba alikuwa amefundisha vibaya, akaanza upya bila kinyongo. Hakuhitaji tena kutunga majaribio ya kila wiki. Silabasi ikaanza kukimbia. Katika chumba cha walimu alisema hajawahi kuwa na mstari wa nyuma wenye manufaa kiasi hicho.

Nyumbani, mama ya Redio alisikiliza habari hizo mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kwamba huko juu sketi inakuwaje. Alipojibiwa, alitoa kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye sare za wateja, akashona kaptura ndefu ya kuvaa ndani, na kwenye pindo la sketi akatia mchanga kidogo ili itulie. Wiki hiyo hiyo alipata wateja wengine wa kaptura kama hiyo. Alipokuwa akimvalisha, pini mdomoni, alimuuliza ana vema ngapi.

"Bado."

"Unapaa na bado?"

"Bado, mama."

Mama alichomeka pini. Alisema kwamba mdomo huo ambao hapa ndani haupumziki, ikiwa huko shuleni umeshonwa, basi aende kwa mwalimu nje ya kipindi akaulizie.

Redio alikwenda. Mwalimu alikuwa mezani kwake anasahihisha, na hakusimamisha kalamu mpaka alipofika mwisho wa ukurasa. Redio alimweleza kwamba hajawahi kutajwa tangu mwaka uanze, na kwamba bila vema atarudia darasa. Mwalimu alifungua rejista, akaona kuwa ni kweli.

"Mkono unauinua vizuri," akasema. "Kiwiko kimenyooka. Endelea hivyo hivyo."

"Naomba unitaje mara moja tu, mwalimu."

"Nikikutaja wewe itabidi nikusubiri. Wa mbele siwasubiri."

"Hutanisubiri. Jibu ninalo."

"Najua unalo. Nimeona ulivyopaa."

Alisema hayo kwa upole, akafunga rejista, akamuuliza kama kuna jingine. Redio alisema hakuna.

Kobe alipata vema yake mwezi uliofuata. Alikuwa akitazama nje dirishani, mwalimu akamtaja ili kumwaibisha, na Kobe, kwa mshtuko, akajibu sawasawa. Kanuni ni kanuni, akapigiwa vema. Wengine wa nyuma walijifunza kutokana na hilo, na kwa muda wa siku kadhaa madirisha yalitazamwa kuliko ubao; wawili au watatu walitajwa, wakapata. Redio mgongoni alikuwa na ukuta na ubavuni alikuwa na kabati lililomziba dirisha. Alipokuwa juu aliweza kuona dirisha, ila mwalimu hakuona sababu ya kumkatiza mtu aliyekwisha kuinua mkono.

Kwa wakati huo shule nzima ilikuwa imechangamka. Wakati wa kipindi cha Kiingereza, nyuso za madarasa mengine zilijaa kwenye vioo, nyingine zikiwa zimepandishwa mabegani. Mwalimu wa fizikia alikuja, akasimama mlangoni, akasema jambo hilo linahusu somo la Kiingereza na halimo kwenye mtaala wake. Mwalimu mkuu alikuja akasimama muda mrefu, mikono nyuma, akitabasamu, kisha akamwita fundi seremala. Wanafunzi walikuwa wakigonga vichwa kwenye dari, na dari lenyewe lilikuwa limeanza kuingia mashimo ya vidole. Fundi aliziondoa mbao zote za dari upande wa nyuma, yakabaki mabati, akafunga godoro la sponji kwenye boriti. Feni ilizimwa kwa usalama. Wa mbele walilalamikia joto, wakaruhusiwa kufungua vifungo vya shingoni.

Palizuka hoja kama Kiingereza tu ni lazima pia kule juu. Mwalimu aliamua kwamba Kiingereza kinafika hadi kwenye mabati.

Kisha wazazi wa mstari wa mbele waliomba kikao. Mama ya Profesa, daktari wa meno, alizungumza kwa niaba yao. Alisema watoto wao wanasoma kwa bidii, wamelipiwa ada kama wengine, tena wana alama za juu, lakini hawajapaa hata mara moja. Aliuliza shule ina mpango gani. Mwalimu alieleza kwamba hao hawapai kwa sababu wanatajwa. Mkono wao haukai juu muda wa kutosha. Kikao kilifikiria, na mwalimu mkuu akapata suluhisho ambalo lilipigiwa makofi na pande zote. Kipindi cha Ijumaa hakuna atakayetajwa. Mwalimu atauliza, atangoja darasa lipae, halafu atajibu mwenyewe.

Usiku wa kuamkia Ijumaa ya kwanza watoto hawakulala vizuri. Mwalimu aliuliza swali jepesi ili asiachwe mtu. Mikono ikasimama kama mianzi. Mstari wa nyuma ukanyanyuka bila kelele, kwa mazoea, na baada yake mstari mwingine, na mwingine, mpaka wa mbele nao wakaanza kuyumba juu ya viti vyao, midomo wazi, mmoja akilia na kucheka kwa pamoja. Profesa alipaa akiwa amejikunja. Miwani ilimtoka ikarukia nyuma, Kobe akaidaka akiwa angani. Madawati yote yalibaki matupu, na mwalimu, peke yake chini, alitembea katikati ya safu akihakikisha kila mmoja yuko juu ya mahali pake.

Wa mbele hawakuwa wamezoea, wakaruhusiwa kuvutwa nyuma kwenye mabati, penye nafasi. Profesa alijikuta bega kwa bega na Redio.

"Kumbe kila siku mko huku," alisema kwa Kiingereza, kwa kunong'ona.

"Kila kipindi."

"Kuna joto."

"Utazoea. Usikunje kiwiko."

Profesa alinyoosha kiwiko, akatulia zaidi. Alitazama chini, akaona kiti chake kilivyo kidogo. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa masomo hata kule, alimuuliza kuhusu sura waliyopewa kusoma kabla ya Jumatatu, ambayo yeye haikumwingia. Redio alimweleza. Alimweleza vizuri, kwa mifano, mpaka mwalimu alipojibu swali lake chini na wote wakashuka kwa pamoja kama mashuka yanayotandikwa.

Jumatatu Profesa alitajwa, akasimama, akasukuma miwani, akatoa jibu lile kwa mifano ile ile. Mwalimu alisema hilo ni jibu bora kuliko yote ya mwaka huo. Profesa, ambaye hakuwa na roho mbaya, aligeuka amwonyeshe Redio kidole gumba cha shukrani, lakini swali jingine lilikuwa limeshaulizwa, kiti cha Redio kilikuwa kitupu na ilimbidi amtafute juu.

Ndivyo ilivyofika siku ya mwisho ya masomo. Wa mstari wa nyuma wote walikuwa wameshapata vema zao, mmoja kwa kusinzia, mwingine kwa kuchelewa kufungua kitabu, Mzigo kwa kuangusha kalamu. Alikuwa amebaki Redio. Asubuhi hiyo mama alimpigia pasi sare mara mbili, na alipofika mlangoni alimwita arudi, akamtoa uzi uliokuwa begani, akamwachia aende.

Siku hiyo alikuja mkaguzi. Alikaa kwenye kiti karibu na ubao, kalamu mkononi, kofia gotini. Mwalimu aliendesha kipindi bila kosa. Maswali yalikwenda mbele yakarudi na majibu, nyuma kukawa kunapanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua, na mkaguzi aliandika, akasita, akatazama, akaandika tena. Alimwambia mwalimu kwa sauti ya chini kwamba amezunguka shule nyingi na nidhamu kama hii ameiona chache.

Kabla ya kengele, mkaguzi aliomba aulize swali moja yeye mwenyewe kutoka kwenye hadithi ya mwisho kitabuni. Katika hadithi hiyo, mlinzi wa daraja ameamriwa asimfungulie mtu lango baada ya jua kuzama. Jioni moja anakuja ndugu yake, mvua inanyesha, anagonga, na mlinzi hafungui. Mkaguzi aliuliza kwa nini hakufungua, akaongeza kwamba hataki kusikia habari ya amri, kwa maana hiyo imeandikwa wazi kwenye ukurasa.

Mstari wa mbele haukuinua mkono. Profesa alifungua kitabu, akakifunga. Mstari wa pili ulitazama wa kwanza. Nyuma kabisa, karibu na kabati, mkono mmoja ulisimama, na Redio akapaa, moja kwa moja, haraka kuliko siku zote, mpaka kisogo kikagusa sponji.

Darasa zima liligeuka. Kobe aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Naona kuna mkono mmoja juu," mkaguzi alisema.

"Ndiyo," mwalimu akajibu. "Huyo huwa juu."

Alimtazama Redio. Alijua kwamba jibu lipo na kwamba ni sahihi, kwa sababu kifaa hakijawahi kumdanganya. Asichokijua ni jinsi litakavyotoka. Sauti ya mwanafunzi huyo kwa Kiingereza hakuwahi kuisikia, na mkaguzi alikuwa na kalamu mkononi. Mwalimu aligeukia mstari wa mbele, akawakumbusha ukurasa, akawapa dokezo, akangoja. Akatoa dokezo la pili. Akawa bado anangoja kengele ilipolia.

Mkaguzi alisema si neno, watalijadili wakati mwingine. Aliweka saini, akavaa kofia, akashikana mkono na mwalimu. Mwalimu alikusanya vitabu, akachukua rejista akaipeleka ofisini, kwani ilikuwa siku ya kufunga hesabu za mwaka. Wanafunzi walitoka.

Swali lilikuwa halijajibiwa, na Redio hakuwa ametajwa. Kwa hiyo mkono haukushuka. Ulizidi kunyooka. Sponji ilibonyea mpaka ikaisha, boriti ikalia, kisha misumari ya bati ikaanza kuchomoka mmoja mmoja, kama vifungo vya shati lililobana. Bati likafunguka upande, jua likaingia darasani, na Redio akatoka.

Alipita usawa wa tangi la maji, akapita usawa wa mlingoti wa bendera, akaendelea. Uwanjani watu walianza kupiga kelele na kurukaruka, madarasa yote yakamwagika nje, wengine wakipunga madaftari. Kobe hakupiga kelele. Aliuacha mkoba wake wazi na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakimbia, akatoka getini, akashuka barabara mpaka dirisha lenye cherehani.

Mama alimwacha mteja na suruali ikiwa na pini miguuni. Alipofika uwanjani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, Redio alikuwa juu sana, ameegemea hewa, mkono umenyooka. Mwalimu alikuwa amesimama hapo akikinga jua kwa kiganja.

"Mwalimu," mama alisema, "mtaje mtoto ashuke."

"Kipindi kimekwisha, mama. Rejista imeshafungwa."

"Sijasema rejista. Nimesema umtaje."

"Nikimtaja hapa haitahesabika. Tuko nje ya darasa."

"Mtoto yuko juu, mwalimu."

"Naona," mwalimu alisema, na kweli alikuwa akiona.

Mama aliinua kichwa, akaweka mikono kiunoni, akamtaja mwenyewe: jina lake, la baba yake, la babu yake, kwa sauti ile ambayo mtaa mzima uliifahamu.

Redio akajibu. Alijibu kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho mkononi. Hakuanza na daraja. Alianza na muhula wa kwanza, na swali la kwanza kabisa alilolinyooshea mkono, na alipolimaliza akashuka kiasi cha shubiri. Akajibu la pili, akashuka tena. Alisema mjane alikataa kuuza nyumba kwa sababu ndani yake alikuwa bado anasikilizwa. Alijibu ya ufahamu, ya mashairi, ya barua za maombi ya kazi. Uwanja ukaanza kushangilia kwa kila jibu, na kwa kila jibu alikuja chini, mpaka viatu vyake vikaonekana, mpaka uso ukaonekana, umelowa jasho na umejaa kicheko. Kobe alikuwa akipiga makofi kabla majibu hayajaisha. Profesa alikuwa ametoa daftari anaandika. Mkaguzi, mguu mmoja ndani ya gari na mwingine nje, alitikisa kichwa kukubali. Mwalimu alisikiliza yote, midomo ikimtembea pole pole, kalamu ikigonga hewani kwa kila lililo sawa, na hakukuta kosa ila matamshi ya neno moja.

La mwisho lilikuwa la daraja. Redio alisema mlinzi hakufungua kwa sababu alikwisha kuzoea kulitazama lango, na mtu akilitazama lango miaka yote hiyo haoni tena nani anagonga. Aliposema hivyo nyayo zikagusa majani, mkono ukashuka. Alikuwa amesimama mbele ya mama yake.

Mama hakujua neno moja la Kiingereza.

"Nimesikia," alisema, akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

Ripoti ya mkaguzi ilikuja mwezi uliofuata, na ilisifu nidhamu. Iliagiza paa lifanyiwe kazi, na fedha zikatoka. Wazazi wa mbele waliomba Ijumaa iwe mara mbili kwa wiki, wakakubaliwa. Mwalimu alipewa cheti. Redio, ambaye kwenye rejista hakuwa na vema, alirudia kidato cha tatu na kupangiwa kiti cha mstari wa nyuma, kati ya ukuta na kabati. Fundi seremala alikuwa akimalizia kazi. Alimwita binti aje aone, akamwonyesha kwa penseli jinsi alivyoyapandisha mabati upande huo kwa mita nzima, akaweka na tundu la hewa. Alimhakikishia kuwa mwaka huu, hata akae juu kipindi chote, hatabanwa.